Maswali ya Wasomaji: Kalsiamu ya Damu na Homoni Zinazoilinda

Barua za mwezi huu zimejaa karatasi za maabara. Kalsiamu imepanda, kalsiamu imeshuka, homoni iko juu, na mwenye karatasi hajui aogope kipi. Tuseme mapema jambo ambalo majibu yetu yote yanaliegemea: namba ya kalsiamu peke yake haikuambii ugonjwa uko wapi. Isomwe pamoja na homoni ya parathairoidi, ile inayoandikwa PTH kwenye fomu, na damu ya vipimo vyote viwili itolewe siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kinachopimwa ni kile kidogo kilichomo damuni, ambacho mwili hukilinda kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, hata ikibidi kuibomoa mifupa. Ndiyo maana mtu mwenye mifupa iliyodhoofika kabisa anaweza kupewa karatasi inayosema kalsiamu yake ni nzuri.

Nilitolewa goita wiki mbili zilizopita, thairoidi yote ikaondolewa. Siku ya pili midomo ilianza kuchonyota kama inadungwa vijisindano, kisha ncha za vidole. Nilipewa vidonge vya kalsiamu nikatulia, lakini nikichelewa kumeza dalili zinarudi. Nikivimeza asubuhi pamoja na kidonge cha thairoidi naona kama havifanyi kazi. Je, nitavimeza maisha yangu yote? — Mama wa Umoja

Mama, pole. Nyuma ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Hizo ndizo parathairoidi. Kwa binadamu zilielezwa na Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, mwaka 1880, na kwa miaka mingi wapasuaji waliwaona wagonjwa wa goita wakikakamaa baada ya upasuaji pasipo kujua kwa nini. Mishipa inayozilisha damu ni myembamba mno. Hata mpasuaji mzuri akiziacha mahali pake, zinaweza kuzimia kwa muda. PTH hudumu dakika chache tu katika damu, kwa hiyo tezi zikinyamaza homoni hutoweka siku hiyo hiyo, na kalsiamu hufika chini kabisa kati ya siku ya pili na ya nne. Dalili zako zilianza wakati wake hasa.

Kwa wengi tezi huamka baada ya wiki au miezi michache. Zikipita miezi 6 hadi 12 PTH ikiwa bado haionekani, hapo ndipo huhesabiwa kuwa ni hali ya kudumu. Omba PTH ipimwe sasa pamoja na kalsiamu, albumini (protini ya damu), fosfeti na magnesiamu. PTH ikiwapo, hata kidogo, ni dalili njema.

Sasa tuje kwenye kumeza, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kalsiamu hushikana na dawa ya thairoidi tumboni, na dawa hiyo haipenyi kuingia mwilini. Meza dawa hiyo ya thairoidi, levothairoksini, alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha usiguse kalsiamu mpaka saa nne zipite. Vidonge vya madini ya chuma navyo vitengewe wakati wake. Soma pakiti ya kalsiamu yako. Ikiwa ni kalsiamu kaboneti, asilimia 40 tu ya uzito wake ndiyo kalsiamu yenyewe, hivyo kidonge cha miligramu 1250 kina miligramu 500. Aina hii huhitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula. Utumbo hauchukui vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, hivyo vidonge viwili kwa mpigo wakati wa chakula cha jioni havilingani na kimoja mchana na kimoja usiku. Kama unatumia omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, mwambie daktari. Hupunguza asidi hiyo, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu, na magnesiamu ikishuka sana tezi za parathairoidi hushindwa kutoa homoni hata zikiwa nzima. Kalsiamu sitreti haihitaji asidi, ila ina asilimia 21 tu, basi vidonge vinakuwa vingi.

Kalsiamu peke yake mara nyingi haitoshi. PTH ndiyo inayoiamuru figo kuigeuza vitamini D iwe katika umbo linalofanya kazi, liitwalo kalsitrioli, ambalo ndilo huufungulia utumbo mlango wa kunyonya kalsiamu. Pasipo PTH amri hiyo haipo. Unaweza kumeza vitamini D ya kawaida ya kemisti na usione nafuu. Kinachohitajika ni kalsitrioli yenyewe, na wengi huanzishiwa mikrogramu 0.25 hadi 0.5 mara mbili kwa siku, kisha dozi hurekebishwa kwa vipimo, mwanzoni kila wiki na baadaye kila miezi 3 hadi 6.

Usishangae daktari akiiacha kalsiamu yako karibu na 2.1 au 2.2 na kukataa kuipandisha hadi 2.5. PTH huiambia figo irudishe kalsiamu isipotee mkojoni. Asiye na PTH huimwaga, na tukiilazimisha damu yake ifike katikati ya kiwango, mkojo hujaa kalsiamu na figo huota mawe. Shabaha ni dalili zitulie, basi. Mkojo wa saa 24 upimwe walau mara moja kwa mwaka.

Mikono ikijikunja na vidole kukazana, koo likibana sauti ikawa ya kukwaruza, ukapata degedege au moyo ukaenda mbio bila mpango, usingoje kidonge kifanye kazi. Nenda kwenye chumba cha dharura. Huko hutolewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20 zikiwa zimezimuliwa, polepole kwa dakika 10 na moyo ukifuatiliwa kwa mashine. Isidungwe kamwe kwenye msuli, na mshipa ukivuja nyama huungua. Tunalisema kwa sababu tumesikia kliniki za mtaani zikiwadunga watu "sindano ya kalsiamu" kwa kila ganzi ya vidole. Anayehema haraka kwa hofu naye huchonyotwa midomo, ilhali kalsiamu yake ya jumla ni sawa. Huyo anahitaji kutulizwa pumzi.

Thairoidi ikitolewa yote, kalsitonini inatoka wapi? Na kukosa homoni hiyo hakuleti madhara? — Mwanafunzi, Kasarani

Swali zuri. Kalsitonini, iliyogunduliwa na kundi la Harold Copp nchini Kanada mapema miaka ya 1960, hutolewa na seli C za thairoidi na hushusha kalsiamu kwa kuzuia mifupa isibomolewe. Kwa binadamu nguvu yake ni ndogo. Aliyetolewa thairoidi hapandi kalsiamu kwa kuikosa, na mwenye kalsitonini nyingi mno kwa sababu ya saratani ya seli hizo hashuki kalsiamu. Umuhimu wake hospitalini ni kuifuatilia saratani hiyo, na kama dawa ya siku moja mbili kwa kalsiamu iliyopanda hatari.

Nina miaka 46. Nimepata mawe ya figo mara mbili. Kalsiamu ni 2.78, PTH ni 8.9 na mwisho wa kawaida kwenye karatasi ni 6.9. Nimeambiwa niache maziwa. Picha ya ultrasaundi ya shingo haikuonyesha kitu. Je, nimepona? — Msomaji wa South C

Ndugu, hujapona, na maziwa hayana hatia.

Seli za parathairoidi zina kipokezi kinachoionja kalsiamu ya damu kila wakati. Kalsiamu ikishuka hata chembe, PTH hupanda. Kalsiamu ikipanda, PTH hunyamaza. Kwako kalsiamu iko juu na PTH haikunyamaza, iko juu pia. Hata ingekuwa 5, ndani ya kiwango cha kawaida, bado isingekuwa sawa, maana kwa kalsiamu ya 2.78 tezi nzima zingekuwa karibu kimya. Hii mara nyingi ni tezi moja iliyovimba, uvimbe usio wa saratani, na katika watu kama mia wenye hali hii zaidi ya 80 huwa na tezi moja tu yenye tatizo. Kama PTH ingekuwa chini kabisa huku kalsiamu ikipanda, tungeelekea kwingine: saratani inayotoa kitu kinachojifanya PTH, au kifua kikuu na magonjwa ya aina yake, ambamo seli za ulinzi hutengeneza kalsitrioli zenyewe bila kuingoja figo.

Kwanza thibitisha. Rudia kalsiamu na albumini. Karibu asilimia 40 ya kalsiamu husafiri imeshikana na protini, kwa hiyo albumini ikiwa chini, kalsiamu ya jumla huonekana ndogo kuliko ilivyo. Hesabu ni hii: kwa kila gramu moja ya albumini iliyo chini ya 40 kwa lita, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu. Mwenye 2.45 na albumini ya 25 ana 2.75. Mpira wa kufungia mkono usikae muda mrefu kabla ya damu kutoka, kwani mkono ukibanwa maji hutoka kwenye mshipa na kalsiamu ikapanda bure. Angalia dawa zako. Vidonge vya presha vya kundi la thiazaidi, kama haidroklorothiazaidi, huzuia kalsiamu isitoke mkojoni, na lithiamu huifanya tezi ikosee kipimo. Usiziache mwenyewe, ila daktari azijue. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi vinaweza kuipotosha PTH kwenye baadhi ya mashine. Hivyo viache siku kadhaa kabla ya kupima.

Kisha mkojo wa saa 24, ukipimwa pia kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Kipimo hiki hukosewa kuliko chochote tunachokijua. Ukiamka, mkojo wa kwanza uutupe na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo cha maabara, mchana na usiku, hata ukienda haja kubwa. Kesho saa ile ile toa mkojo wa mwisho, nao uuweke humo. Ukikosa mmoja, anza upya siku nyingine, kwa sababu matokeo ya nusu mkojo yatafanana na ya watu wenye hali ya kurithi ambayo figo zao huishika kalsiamu tangu kuzaliwa. Hao hawahitaji kisu, na kuna waliopasuliwa shingo bure kwa kosa hili.

Ikithibitika, upasuaji unakufaa. Umri chini ya miaka 50 ni sababu tosha, na mawe ya figo ni sababu nyingine. Zingine ni kalsiamu kuzidi mwisho wa kawaida kwa zaidi ya 0.25, figo kuchuja chini ya mililita 60 kwa dakika, au mifupa kushuka hadi alama ya T ya -2.5 kwenye kipimo cha uzito wa mifupa, ambacho omba kifanywe hadi kwenye mfupa wa mkono, maana PTH huula mkono kabla ya mgongo. Na picha? Ultrasaundi na ile ya sestamibi (picha ya dawa ya mionzi) hazisemi kama unaumwa. Ugonjwa hutambuliwa kwa damu, na picha humwonyesha mpasuaji aanzie wapi tu. Picha tupu inamaanisha utafute mpasuaji anayeifanya kazi hii mara kwa mara. Katika upasuaji wenyewe PTH inaweza kupimwa dakika 10 baada ya tezi kutolewa, na ikishuka kwa zaidi ya nusu, kazi kwa kawaida imekwisha.

Wakati ukingoja, kunywa maji ya kutosha mkojo wako ufike lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na endelea na maziwa na sukuma kwa kiasi cha kawaida. Ukijinyima kalsiamu ya chakula, PTH hupanda zaidi na mifupa ndiyo hulipa. Pia oksaleti, kemikali iliyomo katika baadhi ya mboga, hukosa kalsiamu ya kushikana nayo tumboni, ikaenda kwenye figo na kuchangia mawe.

Mtoto wangu ana miezi 20, hajatembea. Vifundo vya mikono ni vinene na miguu imeanza kupinda. Nimeambiwa ni matege kwa kukosa jua. Nairobi ina jua mwaka mzima, inawezekanaje? — Mama wa Mukuru

Mama, inawezekana, na jua la Nairobi ni kali kweli, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Lakini linapaswa kuigusa ngozi. Nyumba ya mabati isiyo na dirisha, vichochoro vinavyobana mwanga, mtoto aliyefunikwa shali na kofia kwa kuogopa baridi, au aliyefungiwa ndani wewe ukiwa kazini, ni jua linalobaki nje. Kioo nacho huzuia miale inayotengeneza vitamini D, hata kama joto linapita.

Upande wa pili husahaulika, nasi tunaupa uzito sawa: kalsiamu ya chakula. Nchini Nigeria, katika eneo la Jos, watoto wenye matege walipochunguzwa ilionekana wengi walikosa kalsiamu kuliko vitamini D, na walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi na ugali kwa mchuzi hupata kalsiamu kidogo, na fitati, kemikali iliyomo katika nafaka, huishika hata hiyo kidogo. Mwili huona kalsiamu ikishuka, PTH hupanda, figo hutupa fosfeti mkojoni, na gegedu changa kwenye ncha za mifupa hukosa cha kulikaza. Ndiyo maana vifundo vinanenepa.

Aone daktari, apigwe picha ya kifundo cha mkono na goti, apimwe kalsiamu, fosfeti, PTH, vitamini D na alkalini fosfatezi. Miongozo ya kimataifa ya 2016 inashauri, kwa umri wake, vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku kwa angalau miezi mitatu, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Usimpe vitamini D bila kalsiamu. Nyumbani, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Omena iliyosagwa na mifupa yake ikaingizwa kwenye uji ni kalsiamu ya bei nafuu. Wimbi lina kiasi cha miligramu 340 kwa gramu 100, na uji ukichachushwa usiku kucha fitati hupungua. Sukuma huachia kalsiamu yake vizuri kuliko terere na spinachi, ambazo oksaleti yake huishikilia.

Miezi mitatu ikipita na picha haionyeshi mstari mpya wa mfupa, dawa akiwa ameinywa kweli, msiongeze dozi. Kuna matege ya kurithi ambamo mifupa hutoa homoni nyingi iitwayo FGF23, inayomwaga fosfeti. Hayo hayaponi kwa vitamini D ya kawaida. Na mtoto mdogo akipata degedege bila homa, mwombeni daktari apime kalsiamu kabla ya kuita kifafa.

Baba anasafishwa figo mara mbili kwa wiki. Kalsiamu ni 2.2 lakini PTH ni 900. Nimemnunulia vitamini D kemisti, haikushuka. — Binti, Kayole

Dada, kwake ugonjwa haukuanzia shingoni. Figo zilizochoka hazitupi fosfeti wala hazitengenezi kalsitrioli, na tezi hujibu kwa kukaza kamba. Kwa mtu wa dialisisi hatutafuti PTH ya kawaida. Huachwa kati ya mara 2 na 9 ya mwisho wa kawaida, yaani takriban 130 hadi 585 kwa maabara ambayo mwisho wake ni 65 (hapa ni pikogramu kwa mililita, si pikomoli kwa lita kama kwenye karatasi ya msomaji wa South C). Cha muhimu ni inaelekea wapi: pima tena baada ya miezi mitatu kwenye maabara ile ile.

Anza na fosfeti. Vidonge vya kuishika huliwa katikati ya mlo. Vikimezwa saa moja baadaye havina cha kushika. Vinywaji vya kola, nyama zilizosindikwa na supu ya mifupa vipungue. Fosfeti ikishatulia ndipo daktari huanzisha kalsitrioli, kwa sababu ikianzishwa fosfeti ikiwa juu, kalsiamu na fosfeti huganda kwenye mishipa ya damu. Vitamini D ya kemisti hutibu upungufu wa vitamini D tu. Mzee asitumie dawa za kiungulia zenye aluminiamu.

Najisikia mchovu. Kliniki inanidunga vitamini D ya yuniti 600,000 kila mwezi, huu ni wa nne. Sasa nakunywa maji sana na choo ni kigumu. — Msomaji wa Eastleigh

Acha leo. Kiu, mkojo mwingi, choo kigumu na kichefuchefu ni dalili za kalsiamu iliyopanda. Vitamini D hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, hivyo ukiacha, kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki au miezi. Nenda upime kalsiamu, kreatinini, PTH na vitamini D. Ikiwa sumu ni hiyo, PTH itakuwa chini na vitamini D mara nyingi itapita nanogramu 150 kwa mililita, sawa na nanomoli 375 kwa lita. Kalsiamu ikizidi 3.0, au ukianza kuchanganyikiwa, unahitaji kulazwa na kuwekewa maji ya chumvi. Mtu mzima mwenye upungufu mdogo hutosheka na yuniti 800 hadi 2,000 za kumeza kwa siku.

Kwenye maabara yetu ametokea mgonjwa mwenye kalsiamu 0.6 na potasiamu 9.1, naye anacheka na kupiga simu. Mashine imeharibika? — Fundi wa maabara

Mashine yako ni nzima. Angalia chupa. Ile yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA ya potasiamu, ambayo hushika kalsiamu yote na kuongeza potasiamu. Aliyetoa damu huenda aliihamisha kutoka chupa ya zambarau hadi nyekundu, au alianza na zambarau na sindano ikabeba. Toa damu upya, nyekundu au njano ikitangulia, zambarau baadaye. PTH yenyewe huikubali zambarau, hudumu humo vizuri, lakini kalsiamu ichukuliwe kwenye chupa nyingine. Mpigie daktari wa wodi kabla hajaanza kumdunga mgonjwa dawa ya kushusha potasiamu.